Kadi ya Saa Saba na Dakika Tano

Modesto, California
18 Agosti 1997

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea,
Bonde la Tull

Bwana Mkuu,

Mimi ni Adelaide Krogh, mjane wa Emmett Krogh, yule aliyekutwa ndani ya pikapu yake kwenye Barabara ya Bixler siku ya moto mkubwa, Septemba nne mwaka jana. Najua kiangazi hiki hamna muda wa kupumua, kwa hiyo sitazunguka.

Nina swali moja. Pale njia panda mna ile redio ndogo ya dharura, namba 1610, yenye kibao kinachosema taa za njano zikiwaka mtu afungue redio ya gari. Siku ile, kuanzia saa nane na nusu mchana mpaka saa tisa, ilikuwa inasema nini?

Ripoti ya uchunguzi nimeisoma mara nne. Inasema Bixler ilifungwa saa nane na dakika ishirini, na kwamba marehemu "aliingia barabara iliyokwisha kufungwa." Haisemi redio ilitamka maneno gani. Mimi nataka maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa.

Sina kesi na mtu. Kuna jambo la nyumbani linanisubiri nilimalize, na siwezi kulimaliza bila jibu hilo.

Wako,
Adelaide Krogh


Bonde la Tull
27 Agosti 1997

Mpendwa Bi Krogh,

Mkuu Dossett amenipa barua yako niijibu mimi, kwa kuwa redio ya njia panda ni jukumu langu tangu ilipowekwa. Utanikumbuka kwa basi la shule. Binti yako Lorene nilimbeba miaka sita, alikuwa anakaa nyuma yangu kabisa akitafuna karoti na kuniuliza kwa nini naendesha polepole.

Pole sana kwa Emmett. Ningekuandikia mapema, sikuandika, na sina sababu ya maana ya kukupa.

Kuhusu swali lako. Redio yetu haina mtangazaji anayekaa ndani. Kuna kijumba cha bati, antena, na mashine ya kunasa sauti. Mimi nasoma taarifa mara moja, mashine inairudia, inairudia, mpaka nije nirekodi nyingine. Ukirekodi mpya, ya zamani inafutika. Kwa hiyo sauti ya siku ile haipo tena.

Daftari la matukio linasema hivi: "Saa 8:20 mchana, Bixler imefungwa." Mwandiko ni wangu. Zaidi ya hilo daftari halina kitu.

Nasikitika sina kingine cha kukupa.

Russell Pruett


Modesto
9 Septemba 1997

Mpendwa Bwana Pruett,

Ahsante kwa kujibu. Lorene amecheka kusikia habari za karoti, na hajacheka muda mrefu. Anakusalimu.

Kwa kuwa umenijibu kiungwana, acha nikwambie kwa nini niliuliza. Siku ile nilikuwa hospitali, nimefanyiwa upasuaji wa nyonga. Saa nane na robo nikampigia Emmett simu nyumbani. Nikamwambia, "Moshi tunauona mpaka huku. Toka hapo."

Akasema, "Tulia, mama. Huu si moto wa kwanza kuuona."

Unamjua Emmett. Mwaka wa sitini na nne alikataa kuhama mpaka ghala likashika moto. Nikakasirika, nikamfokea, nesi akaja mbio akidhani nimeanguka kitandani. Nikamwambia, "Emmett Krogh, mara hii moja tu katika maisha yako, panda gari, fungua ile redio ya njia panda, ufuate inachosema. Neno kwa neno. Usijitie ujuaji."

Akasema, "Haya, mama." Akakata simu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Sasa kama redio ilikuwa inasema Bixler imefungwa na yeye akaingia Bixler, basi ile "haya, mama" ilikuwa ya kuninyamazisha tu. Shemeji yangu Harlan anasema hivyo kila tukikaa mezani: "Kaka alikuwa mbishi, Addie. Kaenda kufuata ndama, habari yote ndiyo hiyo." Kwamba mageti yote ya shamba yalikutwa wazi, mpaka lile la malisho ya chini, na kwa hiyo alikuwa anahangaika na mifugo badala ya kujiokoa.

Kinachonisumbua ni kimoja. Emmett hakuipenda Bixler. Kila siku alikuwa anapita Barabara ya Daraja, hata ikiwa na matope ya kufika magotini. Lakini mtu anayefukuza ndama anafika popote, nadhani.

Majivu yake yako kwenye kabati la Lorene, juu ya mashuka. Nimekataa kumzika huko bondeni. Tulikuwa tumekubaliana jiwe moja, majina mawili. Baada ya barua yako nimemwambia Lorene kwamba wakimzika wamzike peke yake, mimi wanitafutie sehemu nyingine. Ni vibaya kumkasirikia maiti, najua. Lakini namkasirikia kila asubuhi nikiamka, na ubishi wake ndio umeniacha hivi.

Hata hivyo umenisaidia. Angalau nimejua.

Adelaide Krogh


Bonde la Tull
12 Oktoba 1997

Mpendwa Bi Krogh,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nakuomba usiamue haraka habari ya jiwe. Nimekwenda makaburini Jumamosi, nimeng'oa magugu pale kwenye sehemu yenu, nimetengeneza uzio uliolala. Mahali penyewe pazuri. Mialoni miwili iliungua lakini inachipua.

Sijui niandike nini kingine, basi nitakueleza kazi. Watu wanadhani ni kusoma tu. Redio ile inasikika maili tatu hivi, haizidi. Gari linalokwenda kasi ya kawaida linaingia na kutoka ndani ya dakika tatu. Taarifa ikiwa ndefu, mtu anafika mtoni hajasikia la maana. Mkuu Dossett alikuwa hanipi raha. "We Russell, unatoa habari au unasoma wosia? Mtu keshafika Nevada wewe bado unasalimia!" Akaninunulia saa ya jikoni, ile ya kupimia mayai, akaigongomea ukutani pale kwenye kijumba. Dakika moja, ikilia nikae kimya.

Mimi nilikuwa na mpango wangu kutoka kwenye basi. Kwanza unataja siku na saa, ndipo utaje barabara. Maana barabara bila saa si habari. Niliwafundisha hivyo vijana wote wa kikosi. Taarifa naiandika kwanza kwenye kadi, nyuma ya zile kadi za zamani za ratiba ya basi, ninazo sanduku zima.

Emmett hakuwa mtu mbaya, Bi Krogh. Ubishi wa mtu usiupime kwa siku moja.

Russell Pruett


Modesto
3 Novemba 1997

Bwana Pruett,

Ahsante kwa uzio.

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena, halafu nikachukua ile ya kwanza nikaziweka pamoja. Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya miaka kumi na tisa kabla ya nyonga hii. Nimewasikia watu wengi wakijibu swali ambalo hawakuulizwa.

Nilikuuliza redio ilisema nini. Ukanijibu daftari linasema nini. Ukaniambia sauti imefutika. Hukuniambia kwamba unaandika kwenye kadi, na kwamba kadi unazo sanduku zima.

Tena unasema barabara bila saa si habari. Sasa nakuuliza, na safari hii usinizungushe. Saa nane na nusu mchana, Septemba nne, redio yako ilisema Bixler imefungwa, ndiyo au hapana? Na saa uliitaja?

A. Krogh


Bonde la Tull
14 Januari 1998

Bi Krogh,

Hapana. Na sikuitaja.

Nimechukua wiki kumi kuandika maneno hayo matatu. Kwanza ilibidi niyaseme kwa Dossett, halafu kwa mpelelezi wa wilaya, halafu niyatie sahihi. Ripoti itasahihishwa. Nilitaka yawe yameshasemwa huku kabla hayajafika kwako, usije ukadhani nimekutupia wewe mzigo niliokuwa naukwepa.

Mambo yalikwenda hivi. Saa saba mchana moto ulikuwa karibu na daraja. Nilikwenda kwenye kijumba, nikaandika kadi, nikasoma. Saa ya mayai ikalia kabla sijamaliza. Nikapunguza salamu, nikasoma tena, ikalia tena. Kilichokuwa kinakatika ni sentensi ya mwisho, ya wenye mifugo, na nilijua wenye mifugo ndio wanaokufa kwa kurudi nyuma. Nikaangalia kadi nitoe nini. Nikatoa siku na saa. Nilijiambia ni ya muda mfupi tu, nitarudi. Ikaingia sawasawa ndani ya dakika moja, nikafurahi.

Saa nane na dakika ishirini upepo uligeuka. Nilikuwa kwenye ukumbi wa shule napokea watu. Redio ya kikosi ikasema Bixler ifungwe, Daraja ifunguliwe. Nikaandika kwenye daftari hapo hapo. Taarifa ya mashine tunaweza kuibadilisha kwa simu, ila simu zote za bonde zilikuwa zimejaa, nikapiga mara saba, nane. Ndipo nikapanda gari. Barabara ilikuwa imejaa matrela ya farasi. Nilifika kwenye kijumba saa tisa na dakika kumi.

Kwa dakika hamsini redio iliwaambia watu waende Bixler. Kizuizi kilikuwa chini, upande wa mjini. Upande wa kwenu hapakuwa na kitu, ila sauti yangu.

Wapelelezi walipokuja walisoma daftari, wakadhani saa ya kufunga ndiyo saa ya kutangaza. Hawakuniuliza. Mimi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la kadi, na nalijua.

Kadi yenyewe nimeitia ndani ya bahasha hii. Imeandikwa:

"Hii ni redio ya dharura ya Bonde la Tull. Barabara ya Daraja imefungwa kwa moto. Msipite Daraja. Wote mlio magharibi ya mto mteremke kwa Barabara ya Bixler. Bixler iko wazi na ni salama. Wenye mifugo, fungueni mageti yote, acheni wanyama, ondokeni."

Juu yake utaona nilikuwa nimeandika "Jumatano, saa saba na dakika tano mchana." Na utaona mstari nilioukata.

Uliponiandikia habari ya mageti, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mke wangu akanifuata. Emmett hakufukuza ndama yeyote. Alifungua mageti kwa sababu nilimwambia afungue. Akaiacha Daraja aliyoizoea kwa sababu nilimwambia aiache. Alifuata neno kwa neno, kama ulivyomwomba. Nilijua tangu Septemba, nikaendelea kukwambia usiamue haraka. Mwanzo nilikuficha kwa kujionea huruma. Baada ya barua yako iliyoeleza ile simu ya hospitali nilikuficha pia kwa sababu nyingine. Niliona kwamba nikikutua hasira yako juu yake, nitakubebesha kitu kibaya zaidi. Lakini kukuchagulia cha kubeba si haki yangu.

Funguo za kijumba nimerudisha. Siombi msamaha kwa barua, naona ni rahisi mno.

Russell Pruett


Modesto
4 Mei 1998

Russell,

Kadi yako ilikaa mezani siku kumi na moja. Lorene alikuwa anaifunika kwa gazeti, mimi naifunua.

Nikwambie ukweli maana na wewe umeniambia. Nimekuchukia. Nimekuchukia asubuhi hadi jioni, kwa bidii, mpaka nyonga ikawa inauma. Si kwa ule mstari tu. Kwa "nasikitika sina kingine cha kukupa," na kadi iko sandukuni kwako. Ulinifanya nimtukane mume wangu mwaka mzima na nusu.

Hasira hiyo ilipochoka ndipo nikafika pale ulipoogopa nitafika. Miaka arobaini na moja ya ndoa sikuwahi kumshinda Emmett kwenye jambo lolote. Rangi ya jiko, jina la Lorene, jina la mbwa. Siku niliyomshinda ndiyo hiyo. Kama angebisha, angeshika Daraja kama kawaida yake, na Daraja ilikuwa wazi. Nililia mpaka Lorene akamwita daktari.

Sijui hilo litaniisha lini. Labda haliishi. Ila nimeona jambo moja nikiwa nalia, nalo ni langu, hujanipa wewe. Ile "haya, mama" ilikuwa ya kweli. Alishuka kwenye lile shamba akafungua mageti sita kwa mkono, mzee wa miaka sabini na moja, moja baada ya jingine, kwa kuwa mimi nilimwomba. Hakunipuuza. Siku zote nilizokuwa naamka na hasira, ningeweza kuwa naamka na hilo.

Tumemzika Aprili ishirini na tano, chini ya ile mialoni yako. Jiwe moja, majina mawili, langu linangoja tarehe. Harlan alikuja na koti lake la harusi. Akaanza, "Kaka alikuwa..." Nikamwambia, "Harlan, sema kingine leo." Akasema kaka yake alikuwa anacheza dansi vizuri, jambo ambalo ni kweli na nilikuwa nimelisahau.

Nilikuangalia kule nyuma, karibu na uzio, umeshika kofia. Sikuja kukusalimia. Sikuwa tayari, na sasa hivi siwezi kukwambia nitakuwa tayari lini.

Nilibaki bondeni wiki moja kwa Harlan. Jumamosi tulikuwa tunatoka kununua maziwa, tukafika njia panda, taa za njano zikawa zinawaka. Harlan akasema, "Majaribio tu hayo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi." Nikafungua redio. Ni binti mdogo, sauti nzuri, anasoma vizuri. Akataja barabara zote, ipi wazi ipi ina mafundi. Siku hakutaja. Saa hakutaja.

Nikamwambia Harlan ageuze gari. Dossett nilimkuta anaosha lori. Akaniambia, "Bi Krogh, ni majaribio tu, mama yangu. Nani ataungua Mei?"

Nikamwuliza, "Ile ya Septemba nne ilikuwa majaribio?"

Akaweka bomba chini. Akasema, "Russell ndiye alikuwa anawafundisha. Tangu atoke hakuna anayejali vitu hivyo. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Kagoma. Anasema sauti yake haifai tena kupanda hewani."

Basi sikia, Russell Pruett. Sijakusamehe, na usirudi kazini ukidhani ndivyo nilivyosema. Rudi kwa sababu nyingine. Katika bonde zima hakuna mtu mwingine ambaye sasa hawezi, hata akitaka, kusahau kutaja saa. Kukaa kwako nyumbani unajihukumu hakumsaidii Emmett, na yule binti atakuja kuwa na kadi yake. Dossett nimemwambia aing'oe ile saa ya mayai. Ameing'oa mbele yangu. Ninayo kwenye mkoba.

Kadi yako sikurudishii. Nimeizika na Emmett.

Adelaide


Bonde la Tull
19 Julai 1998

Bi Adelaide,

Nilikawia kukujibu kwa sababu nilitaka kujibu nikiwa na cha kuonyesha. Leo kuna moto wa majani kwenye mteremko wa Bixler. Mdogo, utazimwa, hakuna aliyeumia. Nakuandikia nikiwa ndani ya kijumba, na yule binti, Maureen, amesimama kando yangu. Ameniuliza kwa nini taarifa yangu ni ndefu hivi. Nimemweleza yote, bila kuruka jina la mtu.

Hii hapa ndiyo inayosikika sasa hivi njia panda. Kadi yenyewe, ya kwanza tangu nirudi, ni yako, nimeitia ndani ya bahasha.

"Jumapili, tarehe kumi na tisa Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi. Anayesema ni Russell Pruett, redio ya dharura ya Bonde la Tull. Barabara ya Bixler imefungwa kwa moto. Barabara ya Daraja iko wazi. Wote mlio magharibi ya mto mteremke kwa Daraja. Wenye mifugo, fungueni mageti, acheni wanyama, ondokeni. Nitarudi kusema tena saa tano kamili. Ukinisikia nasema maneno haya na saa tano imepita, usiniamini. Simama, uliza mtu."

Russell